Mkwaruzo hauondolewi: kinachoondolewa ni rangi iliyouzunguka

Gari jeusi likioshwa jioni kivulini hupendeza kuliko gari la rangi nyingine yoyote. Asubuhi jua likilipiga kwa ubavu, boneti nzima inaonekana imetandwa utando wa buibui: nyuzi nyembamba za rangi ya fedha, maelfu kwa maelfu, zimelizunguka jua kwa miduara. Ukisogeza kichwa, miduara nayo inasogea. Mwenye gari ataapa kwamba jana haikuwapo. Ilikuwapo, na pengine ina miaka.

Swali linalofuata huwa ni lilelile: "Dawa gani inaondoa hii mikwaruzo?" Nimelisikia mara nyingi, na kila mara naona kwamba utata wote umejificha ndani ya neno "kuondoa". Mkwaruzo si uchafu ulioganda juu ya rangi ukisubiri kufutwa. Ni mfereji. Ni mahali ambapo palikuwa na rangi na sasa hapana, na kitu ambacho hakipo hakiondoleki. Mfereji una tiba mbili tu: kuujaza, au kuzishusha kingo zake mpaka zilingane na sakafu yake. Kujaza ni kwa muda. Kushusha ni kwa kudumu, lakini kila ukishusha unaipunguza ngozi ya gari, na ngozi hiyo haioti tena. Ukilishika hilo, karibu kila jambo jingine katika kazi hii linajieleza lenyewe: kwa nini mng'ao wa wiki iliyopita umeshatoweka, kwa nini fundi mzuri anapima kabla ya kugusa, na kwa nini kuna mikwaruzo ambayo ni busara kuiacha ilipo.

Ngozi yenyewe ni nyembamba kiasi gani

Mfumo wa kupaka rangi kisha klia ulienea viwandani katika miaka ya 1980, na magari mengi ya leo yamepakwa hivyo. Ukianzia kwenye bati kuja juu, la kwanza ni tabaka la kuzuia kutu, ambalo bodi hulipata kwa kuzamishwa katika birika kubwa huku umeme ukipitishwa ili rangi ijishike kila pembe. Juu yake kuna praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, hiyo nyeusi, na mwisho klia, tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo linalobeba mng'ao wote. Jumla yake huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Shika karatasi moja ya kawaida ya printa kati ya vidole viwili: unene wake unakaribia mikroni 100. Basi kila kilichopo kati ya bati na macho yako ni karatasi moja, au moja na nusu.

Rangi nyeusi ndiyo nyembamba kuliko zote, mikroni 15 hivi. Klia ni mikroni 35 hadi 50, yaani kama nusu ya karatasi ile. Ndani ya nusu hiyo ndimo ulimo ulinzi dhidi ya miale ya urujuanimno, na sehemu ya juu ya klia ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ndiyo maana kosa la kupiga polishi kupita kiasi halionekani siku lilipofanyika. Siku hiyo gari linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa. Miaka miwili mitatu baadaye klia inapauka kwenye paa na boneti, inaanza kubanduka magamba, na hakuna polishi ya kuirudisha. Hapo ni kupiga msasa na kupaka upya.

Mafundi wengi wanaolijali gari hushika mpaka wa karibu mikroni 7 au 8: zaidi ya hapo usiichukue klia ya kiwandani katika maisha yote ya gari. Polishi nyepesi kwa pedi laini hula takriban mikroni 1, mara nyingi chini ya hapo. Kampaundi kali, yaani dawa nzito yenye chembe za kukata, kwa pedi ya sufu huweza kula 3 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Piga hesabu mwenyewe: ukienda kwa ukali kila mwaka, akiba inakwisha mwaka wa tatu. Ukienda kwa upole, na ukaosha vizuri katikati, gari linaweza kuzeeka na akiba yake bado ipo.

Magari ya zamani ni habari nyingine. Ford Model T zilizotoka kiwandani kati ya 1914 na 1925 zilikuwa nyeusi tu, na weusi wao ulikuwa wa rangi tupu, bila klia. Hata miongo mingi baadaye magari mengi yaliendelea kupakwa hivyo, na mengine bado yapo barabarani. Ukilipiga polishi gari la namna hiyo, pedi inatoka nyeusi tititi, na si dalili ya maafa: unachokisugua ni rangi yenyewe. Lakini kwenye gari lenye klia, pedi ikitoka nyeusi simamisha mashine papo hapo. Umeshatoboa. Usipojua gari lako ni la aina gani, chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, usugue pahali pa siri kwa mkono, uangalie kitambaa kimetoka na nini.

Nyeusi haina laana

Watu husema rangi nyeusi ni laini, inachubuka haraka. Si hivyo. Kinachochubuka ni klia, na klia ya gari jeusi kwa kawaida ni ileile aliyopakwa mwenzake mweupe kwenye kiwanda hichohicho. Mweupe ana mikwaruzo mingi vilevile. Tofauti ni kwamba wake haionekani, na sababu iko kwenye mwanga.

Mwanga unapoiangukia klia iliyo laini sawasawa, karibu asilimia 4 hurudi kama kwenye kioo, kwa pembe ileile uliyoingilia. Unaobaki unapenya mpaka kwenye rangi. Rangi nyeupe inaurudisha karibu wote, umetawanyika kila upande, na mwanga wa mkwaruzo mmoja unazama humo kama tochi iliyowashwa mchana. Rangi nyeusi inaumeza. Macho yako yanabaki na ile asilimia 4 peke yake, safi, juu ya giza. Ndiyo maana weusi mzuri una kina kama maji ya kisima. Ila ukuta mmoja mdogo wa mfereji ukiinama upande wako, unakurushia cheche ya jua, na hakuna kitu pembeni yake cha kuifunika.

Na ile miduara? Watu wengi huamini imetokana na mkono uliopangusa kwa kuzungusha. Chukua gari lililopanguswa kwa mistari iliyonyooka, huku na huku, kwa miezi kadhaa. Nalo utaliona na miduara. Mikwaruzo imelala kila upande bila mpango, lakini inayokurudishia mwanga ni ile tu iliyokaa kwa kulizunguka jua kutoka pale ulipo. Mingine yote ipo, imekaa gizani, inasubiri usogeze kichwa. Kwa hiyo kupangusa kwa mistari badala ya miduara si kinga. Kinga ni kutokuburuza mchanga.

Mwanga pia unaeleza udanganyifu mmoja ambao umewagharimu watu wengi. Mwanga hupinda unapotoka kitu kimoja kuingia kingine, na kila kitu kina kipimo chake cha kuupinda. Hewa ni 1, maji ni 1.33, mafuta mengi ni karibu 1.47, na klia ni karibu 1.5. Mfereji uliojaa hewa unaonekana wazi kwa sababu tofauti ni kubwa. Ujaze maji, unafifia. Ujaze mafuta, unapotea kabisa, maana mwanga unapita kana kwamba hapana mpaka.

Gari jeusi la kaka yangu lilirudi kutoka kwa fundi mmoja likiwa kioo kitupu. Tulilizunguka tukiwa na tochi, hakuna hata unyuzi. Baada ya kuoshwa mara tatu, utando wote ulikuwa umerudi, mistari ileile, hata ule mmoja mrefu karibu na kifuniko cha mafuta. Kaka alidhani waoshaji wamemchubulia upya. Hapana. Gari lilikuwa limepakwa dawa yenye mafuta na vijazio, mifereji ikajazwa, na shampuu ikawa inaitoa kidogo kidogo. Sisemi kujaza ni haramu. Kwa gari linalouzwa kesho, au klia iliyokwisha kabisa, kujaza ndiyo njia ya pekee. Kosa ni kulipia kushusha ukapewa kujaza, na usiambiwe.

Dawa ya kugundua ni rahisi: alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, iwe sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo ya mchanganyiko. Nyunyiza, pangusa, angalia tena. Mafuta yanaondoka na ukweli unabaki. Fundi anayejiamini ataipangusa mwenyewe mbele yako.

Kabla ya kushika mashine

Jambo la kwanza ni kujua kina cha mkwaruzo. Pitisha ukucha kwa kuukata, si kwa kuufuata. Ukucha ukiteleza bila kushtuka, mkwaruzo uko juu ya klia na mashine inaweza kuufikia. Ukucha ukinasa, umekwenda mbali. Kuushusha wote ni kuchimba klia hadi kwenye hatari. Kisha lowesha kidole maji upake: unaofifia ni wa juu, unaobaki mweupe vilevile umeshafika kwenye praima. Huo ni kazi ya kalamu ya rangi au ya fundi wa kupaka, na kuupigia polishi ni kula akiba bure.

La pili ni kupima unene. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachowekwa juu ya rangi na kusoma mikroni. Kwenye bati hutumia sumaku, kwenye aluminiamu hutumia mikondo midogo ya umeme, na kwenye bampa la plastiki aina ya kawaida haisomi kitu. Kinachosomwa ni jumla ya matabaka yote, si klia peke yake, kwa hiyo usitafute namba moja ya kukuambia umebakiwa na klia kiasi gani. Thamani yake iko katika kulinganisha. Milango mitatu ikisoma 115, 120 na 118, na wa nne ukasoma 240, huo wa nne ulishapakwa upya, na klia yake huenda ni laini au ngumu tofauti kabisa na wenzake. Ikisoma mamia mengi au elfu, chini pana puti, ile ya kujazia bati lililobonyea. Na paa likisoma 80 wakati kwingine ni 120, kuna mtu ameshapita hapo na kampaundi kabla yako. Mwachie alichobakiza.

Halafu ni kuosha, tena kuosha kwa kweli. Chembe moja ya mchanga iliyobaki itazungushwa na mashine juu ya klia mara maelfu kwa dakika. Baada ya kuosha, valisha mkono mfuko mwembamba wa plastiki, upitishe vidole juu ya boneti polepole. Utashangaa. Rangi iliyoonekana safi inakwaruza kama karatasi ya msasa laini: ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu, lami, vumbi la moshi lililojichimbia. Kuna dawa ya kuyeyusha chuma inayogeuka zambarau inapokikuta, na kuna udongo maalumu unaofinyangwa kama mfinyanzi, unaopitishwa juu ya rangi iliyoloweshwa vizuri ili uyang'oe yaliyobaki. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Usijaribu kuuosha. Changarawe iliyonasa ndani yake haitoki.

Mwisho wa maandalizi ni tepu ya karatasi. Bandika kwenye kingo za milango, mikunjo mikali ya bodi, mipira ya vioo na plastiki nyeusi. Rangi ikiwa mbichi huteleza kuikimbia kingo, kwa hiyo pale ndipo penye unene mdogo kuliko kwingine kote. Na pale pale ndipo pedi inapoegemea kwa nguvu kubwa zaidi. Matundu mengi ya klia niliyoyaona yako kwenye mkunjo.

Mashine, pedi na mkono

Mashine ziko za namna mbili. Moja inazunguka kwenye mhimili mmoja, kama drili. Inakula haraka, inapasha joto haraka, na mkono usiozoea ukiinama kidogo tu inaacha mawimbi yanayofuata njia yake yote, ambayo kwenye gari jeusi yanaonekana juani toka mbali. Nyingine inazunguka huku ikitikisika nje ya mhimili, kwa milimita 8, 15 au 21 kutegemea aina, ili pasiwe na chembe inayorudia njia ileile. Inakula polepole na inasamehe. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, na gari ni jeusi, chukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili. Pedi ya kufunga kwenye drili ya nyumbani iache kabisa. Ni ndogo, inapata joto, na huna mamlaka juu yake.

Kinachokata si mashine. Ni chembe ngumu zilizomo kwenye kampaundi, mara nyingi oksidi ya aluminiamu, zikisaidiwa na pedi. Chembe za aina fulani huvunjika kadiri zinavyosuguliwa, zinaanza kali na kumaliza laini. Ukizikatiza mapema zinakuachia ukungu. Nyingine hubaki na ukubwa wao mwanzo hadi mwisho. Soma chupa, maana muda wa kufanya kazi unategemea hilo. Pedi nazo zina ngazi: sufu na maikrofaiba hukata, sifongo ngumu hukata kiasi, sifongo laini humalizia. Usifuate rangi ya pedi. Kila mtengenezaji ana rangi zake.

Kosa kubwa ni kuanza na kilicho kikali "ili kazi iishe". Anza na kilicho laini kuliko vyote ulivyonavyo, kwenye eneo moja la sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, na uone limekupa nini. Likitosha, umeokoa mikroni kadhaa kwenye gari zima. Lisipotosha, panda ngazi moja tu, palepale, ujaribu tena. Eneo hilo la majaribio ndilo litakalokuambia klia hii ni ngumu au laini, na hakuna mtu wala kitabu cha kukuambia hilo kabla.

Niruhusu nilisogeze eneo hilo karibu. Gari liko kivulini na bati limepoa. Boneti nyeusi iliyotoka juani inaikausha kampaundi kabla haijafanya kazi. Waya wa mashine umepita begani ili usiburuze kwenye paa. Saa, pete na mkanda wa suruali vimevuliwa. Pembeni mwa sahani inayoshika pedi umechora mstari kwa kalamu ya wino mnene. Pedi imepakwa kampaundi uso wote mara ya kwanza, na baada ya hapo ni matone 4 madogo kila eneo. Unasambaza kwa mwendo mdogo, kisha unaongeza. Mkono unasogea sentimita 2 au 3 kwa sekunde, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu huo ni mwendo wa kuchosha moyo. Kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Unakwenda kushoto na kulia, kisha juu na chini, mara 4 hadi 6. Jicho lako liko kwenye ule mstari wa wino: ukiuona unazunguka, pedi inazunguka, kazi inafanyika. Mstari ukisimama na kutetemeka tu mahali pamoja, umekandamiza mno au umeinamisha mashine. Weka kiganja kwenye bati: vuguvugu ni sawa, moto si sawa.

Zima mashine kabla ya kuinyanyua, la sivyo utajipaka kampaundi hadi kwenye kioo. Pangusa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa mara mbili, kikupe nyuso 8 safi, na ukigeuze kila eneo. Klia laini juu ya weusi huchubuliwa hata na kitambaa, nawe utadhani ni mashine. Pangusa kwa ule mchanganyiko wa alkoholi. Sasa washa tochi ya simu na uishike mbali kidogo. Taa hiyo ndogo ni kama jua: inatoka kwenye nukta moja, na mikwaruzo haina pa kujificha. Taa ndefu za dari zinaficha kila kitu, na ndizo zinazowafanya watu waamini wamemaliza.

Utaona mambo mawili. La kwanza, utando umepotea, lakini weusi umekuwa wa kijivu kidogo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Huo ni ukungu wa kampaundi, mikwaruzo midogo mno isiyoonekana mmoja mmoja. Kwenye gari la fedha ungeishia hapo na hakuna ambaye angejua. Kwenye jeusi unarudi na polishi laini na pedi laini, gari zima, kwa mkandamizo wa uzito wa mashine tu. Ni kazi ya siku ya pili, na ndiyo inayoleta kile kina cha kisima.

La pili, kuna mistari imebaki, mmoja hapa, mitatu pale. Hiyo ndiyo mirefu kwa kina. Kingo zake zimelainika, hazirushi tena cheche kama mwanzo, na mtu aliyesimama hatua mbili hatoiona. Hapa ndipo mkono unapowasha. Unaona ukirudia mara moja zaidi itaisha. Huenda. Ila kuishusha ile mitatu unalazimika kuishusha klia yote iliyoizunguka, nawe umeshatumia sehemu ya akiba. Mimi huiacha.

Kila baada ya eneo moja, safisha pedi kwa brashi ngumu. Vumbi la klia uliyoikata limejaa humo pamoja na kampaundi kavu, na pedi iliyoshiba haikati, inakwaruza. Pedi 1 haitoshi kwa gari zima; kuwa na 4 au 5 za kila aina. Mifuko iliyo nyuma ya vishikio vya milango, ambayo kucha za watu zimeichora miaka yote, mashine haiingii. Fanya kwa vidole na kipande cha sifongo, kwa subira.

Yanayodaiwa kuondoa, na hayaondoi

Dawa ya meno ina chembe za kukata, hilo ni kweli. Zilitengenezwa kwa ajili ya meno, na jino ni gumu kuliko klia. Hujui ukubwa wake wala zitaacha nini. Kwenye weusi huacha ukungu.

Nta, iwe ya karnauba itokayo kwenye mti wa Brazili wa jamii ya mnazi au ya kutengenezwa, inajaza kidogo na kulinda kidogo. Ni ya mwisho, baada ya kazi.

Seramiki inahitaji maneno zaidi, kwa sababu inauzwa kama silaha. Ni tabaka jembamba mno linaloshikamana na klia, linalofanya maji yakimbie na uchafu usigande. Hiyo ni faida ya kweli, maana uchafu usioganda haulazimishi kusugua. Lakini ile alama ya "9H" inayoandikwa kwenye maboksi wengi huisoma vibaya. Ni kipimo cha penseli: tabaka linakwaruzwa kwa penseli za ugumu mbalimbali, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye jaribio hilo. Si 9 ya kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambapo almasi ni 10. Chembe ya mchanga ni kwatzi, na kwatzi ni 7 kwa Mohs; klia yenye seramiki haijaikaribia. Na ukiipaka seramiki juu ya mikwaruzo, umeihifadhi mikwaruzo chini ya kioo. Kuitoa baadaye utalazimika kukata seramiki kwanza.

Mchanga unakuja na sponji

Mikwaruzo mingi haikuletwa na matawi wala watoto. Imeletwa na kuosha. Sponji inachukua mchanga kwenye vizingiti vya milango, inaingia kwenye ndoo, inatoka na mchanga uleule, na inapanda juu ya boneti. Ndoo moja na sponji moja kwa mwaka mmoja zinatosha kulifunika gari jeusi lote kwa utando. Zile brashi kubwa zinazozunguka zenyewe ni mbaya zaidi, kwa kuwa zimebeba mchanga wa gari lililokutangulia. Na vumbi kavu usilipanguse kamwe, hata kwa kitambaa kizuri, hata kidogo tu pale juu ya taa.

Mwaga maji mengi kwanza, na povu ukiwa nalo, ili kilicho tayari kuondoka kiondoke bila kuguswa. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia, kila moja ikiwa na wavu wa plastiki chini ili mchanga ulioshuka usipande tena. Glavu ya maikrofaiba au ya sufu badala ya sponji, kwa kuwa nyuzi zake ndefu zinaumeza mchanga ndani badala ya kuuburuza usoni. Anza juu kwenye paa, maliza chini, na magurudumu yawe na vifaa vyake peke yake. Kukausha ni kwa kulaza taulo kubwa laini juu ya maji na kulivuta polepole, bila kusugua.

Gari la kaka tulilifanya upya wenyewe, siku mbili na nusu, kwa polishi ya kati kisha laini. Kabla ya kuanza tulipima kila paneli na kuandika namba kwa chaki kwenye sakafu pembeni. Paa lilisoma 119, boneti 108. Karibu na kifuniko cha mafuta, pale penye ule mkwaruzo mrefu, kifaa kilisoma 84, tukarudia mara tatu, 84, 83, 84. Kaka aliinama akautazama mkwaruzo, akaitazama namba, kisha akachukua tepu ya karatasi akabandika juu yake.